Orofa ya binti Mkomani imekataliwa: rufaa yake ikatwe vipi?

Swali

Nina nyumba ya mawe Mkomani, mjini Lamu, urithi wa marehemu baba. Ni tini (sehemu ya chini) na orofa moja, na juu yake sakafu iliyo wazi. Binti yangu anaolewa, nami niliomba kibali cha kumjengea chumba na baraza juu ya sakafu hiyo: slabu ya zege, kuta za matofali, paa la makuti, na ngazi ya nje upande wa kichochoro. Kaunti imekataa kwa barua yenye sababu tatu: urefu utapita nyumba za jirani; madirisha yatachungulia kiwanda (ua wa ndani) cha jirani; na jengo "haliafikiani na hadhi ya mji wa kale". Barua ina tarehe ya siku tisa nyuma, lakini imenifikia juzi. Je, kuna mahali pa kuomba nilegezewe masharti haya, na niseme nini?

Jibu

Hongera ya harusi, mama. Mahali papo. Lakini tuanze na kalenda, kwa sababu ndiyo inayokubana zaidi ya sababu zote tatu.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 kinampa aliyekataliwa siku 14 za kukata rufaa, na siku hizo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Kukufikia barua juzi hakukuongezei siku. Tisa zimekwenda, umebaki na tano. Siku ya uamuzi yenyewe haihesabiwi, Jumamosi na Jumapili za katikati zinahesabiwa, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya serikali, mwisho husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Barua ikiwa ya tarehe 3, siku ya kwanza ni tarehe 4 na ya mwisho ni tarehe 17. Hata hivyo tunza kila kinachoonyesha lini ilikufikia: bahasha, ujumbe wa simu uliokuita uende kuichukua, tarehe uliyotia sahihi kwenye kitabu cha afisi. Kukizuka ubishi wa kuchelewa, hicho ndicho kitakachokusemea.

Rufaa haiendi kwa waziri wa ardhi wa kaunti aliyekataa, wala haiendi mahakamani moja kwa moja. Inakwenda kwa Kamati ya Uratibu wa Mipango ya Ardhi ya Kaunti, ambayo wenye afisi huiita kamati ya liezoni. Kamati hii iliundwa na sheria hiyohiyo isikilize malalamiko ya waombaji vibali na ya watu walioathiriwa na vibali vya wengine. Sheria inaitaka iamue ndani ya siku 14 tangu rufaa kuwasilishwa. Asiyeridhika na uamuzi wake huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wanaoruka kamati na kukimbilia mahakamani hurudishwa nyuma waanzie walipopaswa kuanzia, na kufikia hapo siku 14 zimekwisha zamani.

Wenye jamaa Marekani huambiwa kwamba kule mwenye nyumba huiendea bodi ya mji kuomba alegezewe sharti fulani la ujenzi. Ni kweli. Katika jimbo la Massachusetts, kwa mfano, ni lazima athibitishe kwamba ugumu wake unatokana na udongo, umbo au mwinuko wa kiwanja chake. Bodi ikiwa na watu watano, wanne ni lazima wakubali. Kwetu mlango wa namna hiyo hausimami peke yake: kulegezewa huombwa ndani ya ombi la kibali, na likikataliwa husogea kwa kamati kwa njia ya rufaa. Ila kanuni moja ya kule ibebe, kwa sababu hata hapa ndiyo inayofanya kazi. Kamati haipimi uzito wa shida yako. Inapima nyumba, kiwanja, na athari kwa jirani na kwa mji. Rufaa itakayosema "nina binti anaolewa na hatuna nafasi" itasikilizwa kwa huruma, kisha itaanguka.

Mambo matatu ya kukagua leo hii

La kwanza ni stakabadhi ya siku ulipowasilisha ombi. Sheria hiyo inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Ukihesabu ukakuta barua ya kukataa ni ya siku ya 70, hiyo ni hoja ya kisheria na iwe ya kwanza katika rufaa yako. Usijenge kwa kuitegemea hiyo tu, kwa sababu hiyo ni ruhusa ya mipango peke yake, na nyumba ya Mkomani ina mwangalizi wa pili.

La pili ni mwangalizi huyo, yaani Makumbusho ya Taifa. Mji wa kale unalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, una afisi ya uhifadhi tangu 1986 na tume ya mipango ya mji wa kale tangu 1991, na mwaka 2001 uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Eneo lenyewe lililoorodheshwa ni dogo, hekta 16 hivi, na ndiyo maana kila paa linahesabiwa. Kamati ya kaunti haiwezi kuondoa ulinzi wa sheria ya urithi. Wengi hushinda rufaa ya kaunti wakadhani wamemaliza, kisha wahifadhi wakawasimamisha tofali la kwanza likiwa bado mgongoni mwa punda. Nenda afisi ya uhifadhi kabla ya kwenda kwa kamati. Uliza kama waliulizwa maoni juu ya ombi lako, na omba nakala ya walichoandika. Mara nyingi maneno kama "haliafikiani na hadhi ya mji wa kale" ni muhtasari wa ukurasa mzima wa maoni ya kitaalamu, na ukurasa huo ndio hasa unaopaswa kuujibu.

La tatu ni jina lililo kwenye hati. Umesema nyumba ni urithi. Kama hati bado ina jina la marehemu baba, swali la kwanza la kamati litakuwa: wewe unaomba kama nani? Ambatisha uamuzi wa mirathi wa Mahakama ya Kadhi, au barua ya usimamizi wa mirathi, pamoja na maandishi ya ridhaa ya warithi wenzako wote, kila mmoja na nambari ya kitambulisho na sahihi. Mrithi mmoja asiyetia sahihi anaweza kuivunja kazi yote. Ikiwa nyumba ni wakfu, msimamizi wake na Tume ya Wakfu ndio wenye kauli.

Sababu ya urefu

Hapa ndipo rufaa yako inaweza kushinda, kwa sababu urefu unapimika na maneno ya barua yanaweza kuwekwa kando ya futikamba.

Mji wa Lamu umeketi kwenye mteremko: unainuka kutoka ufukoni ukielekea magharibi. Nyumba yenye mita 9 karibu na bandari na nyingine yenye mita 7 juu ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, zinaweza kuwa na mapaa yanayolingana machoni pa mtu aliye kwenye mashua. Kwa hiyo ukipima kila nyumba kutoka kichochoro chake unajidanganya. Mwambie mpimaji achague usawa mmoja wa kuanzia, kizingiti cha mlango wako kwa mfano, apime kutoka hapo ukingo wa paa lako na ukingo au kilele cha paa cha jirani wa pande zote nne. Vipimo hivyo vichorwe katika mkato mmoja (mchoro wa nyumba kana kwamba zimekatwa wima) unaopita nyumba yako na za pande mbili, kwa kipimo cha 1:100. Mchoro huu ndio unaokosekana katika rufaa nyingi. Badala yake huletwa picha nzuri ya nyumba ikiwa imesimama peke yake kama iko jangwani.

Kisha paa lenyewe. Makuti yanataka mteremko mkali, karibu digrii 45. Ukilaza chini ya 40 maji hayatiririki upesi, majani huoza na msimu wa pili unavuja. Maana yake upana wa chumba ndio unaoamua urefu wa paa. Chumba cha upana wa mita 4 kwa digrii 45 kina kilele cha mita 2 juu ya kuta. Kuta zikiwa mita 2.4, jumla ni mita 4.4 juu ya sakafu. Punguza upana uwe mita 3 na kuta ziwe mita 2.1 pembeni: kilele kinashuka hadi mita 3.6. Umeokoa sentimita 80, na bado mtu mrefu anasimama vyema katikati ya chumba. Tena upana wa mita 3 si mgeni Lamu. Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mkoko hazibebi zaidi ya hapo. Chumba cha upana huo kinaongea lugha moja na nyumba iliyo chini yake, nawe una haki ya kulisema hilo mbele ya kamati.

Usihangaike na mwonekano wa kichochoroni. Katika kichochoro cha upana wa mita 2, mtu akisimama upande wa pili na kuinua macho kwenye ukingo wa mita 7, chumba kilichorudishwa mita 1.5 kutoka ukingoni hakionekani kabisa. Linaloonekana ni kutoka baharini na kutoka mapaa ya wengine. Kwa hiyo fanya hivi: simamisha boriti nne juu ya sakafu mahali pa pembe za chumba, na mbili za katikati zenye urefu wa kilele, uzungushie kamba na vitambaa vyekundu. Piga picha kutoka gatini, kutoka mashua iliyo mkondoni upande wa Manda, na kutoka paa la kila jirani atakayekuruhusu. Andika nyuma ya kila picha mahali na tarehe. Ni kazi ya asubuhi moja. Picha hizo zitasema zaidi ya kurasa kumi za maelezo, na kama vitambaa vinaonekana vikipita mapaa yote ya ufukoni, utakuwa umejua mapema kwamba mchoro unahitaji kushuka zaidi.

Madirisha na kiwanda cha jirani

Sababu hii usiipinge. Ikubali, uirekebishe. Kiwanda cha nyumba ya Lamu ndicho kifua cha nyumba: wanawake wanapika, wanafua, wanakaa bila buibui. Nyumba zote za mawe zimejipanga kulinda hilo, tangu dakani (kibaraza cha mlangoni), ukipita tekani (ukumbi wa kuingilia) iliyopinda ili mgeni wa mlangoni asione ndani. Anayefungua dirisha juu ya kiwanda cha mwenziwe amevunja mpango mzima, na wajumbe wa kamati walio wenyeji wanalijua hilo bila kuelezwa.

Ondoa kila dirisha la upande huo. Ikiwa hewa inahitajika, weka matundu ya juu yenye kizingiti kisichopungua mita 1.8 kutoka sakafuni, ambayo hupitisha upepo wa kusi bila kupitisha macho. Baraza igeukie upande mwingine, na ukingo wa paa upande wa jirani uinuliwe hadi mita 1.8. Ngazi ya nje iache. Inakula kichochoro ambacho punda wawili hupishana kwa shida, na kila apandaye anaona nyumba tatu. Endeleza ngazi ya ndani iliyopo, hata kama utapoteza pembe ya chumba cha orofa.

Halafu mwendee jirani. Ridhaa ya mdomo haina thamani hapa. Anayekubali leo barazani anaweza kubadilika akiona mafundi. Mpe mchoro uliorekebishwa atie sahihi juu ya mchoro wenyewe, na jina, nambari ya kitambulisho na tarehe, ili kesho kusiwe na "sikuonyeshwa hii". Ridhaa yake haiilazimishi kamati, lakini kukosekana kwake hukudhuru sana. Kumbuka pia sheria inampa haki ya rufaa mtu yeyote mwenye maslahi, si mwombaji peke yake. Ukishinda bila kumridhisha, yeye ndiye atakayekata rufaa ya pili. Kama ukuta ni wa shirika baina yenu, huwezi kuchomeka boriti hata moja bila maandishi yake.

"Haliafikiani na hadhi ya mji wa kale"

Kaunti ikikataa ni lazima itoe sababu kwa maandishi, na Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu za maandishi mtu ambaye uamuzi wa serikali umemgusa haki yake. Sababu hii ya tatu ni ya jumla mno. Una haki ya kuhoji: ni nini hasa kisichoafikiana? Umbo, vifaa, au matumizi? Liandike hilo katika rufaa kwa adabu. Lakini usiishie hapo, kwa sababu katika mchoro wako kuna jambo ambalo mhifadhi yeyote angelikataa, nalo ni zege.

Fanya hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye slabu ya unene wa sentimita 15 ni mita 3 za ujazo za zege, karibu tani 7. Kuta za matofali ya sentimita 20, mzunguko wa mita 18, kimo cha mita 2.7, ni tani 17 hivi hata ukitoa nafasi za mlango na madirisha. Hizo ni tani 24 zinazoongezwa juu ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo misingi yake hakuna aliyeichungulia tangu nyumba ijengwe. Kuta hizo ni nene na zina nguvu ya kubeba mzigo uliotulia ukienda chini wima. Hazina nguvu ya kuhimili kusukumwa pembeni, wala mzigo mzito uliotua sehemu moja. Ufa huanzia juu ya mlango, unapanda, na baada ya mvua za masika ukuta unatoa tumbo. Katika mtaa ambao nyumba zimeegemeana, ukuta wako ukitoa tumbo si wako peke yako.

Tena saruji na matumbawe hazipatani. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini na chumvi yake, kisha huupumua nje kupitia plasta ya chokaa. Ukiuvika saruji, unyevu unanaswa ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya miaka michache plasta inabanduka na ngozi ya jiwe. Wenye nyumba wengi wakiona hivyo huongeza saruji zaidi, na ugonjwa hukolea.

Kwa hiyo badilisha mchoro: ukuta mwepesi wa kimo cha mita 1 wa mawe na chokaa, nguzo za mbao juu yake, kuta za juu za mbao au fito zilizopakwa chokaa, paa la makuti. Mzigo unashuka hadi sehemu ndogo ya zile tani 24. Plasta iwe sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga, mchanga usiwe wa ufukoni kwa sababu ya chumvi. Nguzo zisimame juu ya kuta zilizopo chini, kamwe zisisimame katikati ya boriti. Mhandisi wa miundo aliyesajiliwa aandike ripoti, hata ya kurasa tatu: achimbe shimo la kukagua msingi mahali pawili, afungue ncha za boriti tatu au nne zilizozama ukutani atazame mchwa na uozo, na aseme kwa nambari mzigo wa zamani na mzigo mpya. Afisa wa zimamoto atauliza juu ya makuti; onyesha umbali hadi makuti ya jirani na mahali pa tangi la maji juu ya sakafu. Tangi lenyewe liingie katika hesabu ya mhandisi, maana lita 1,000 ni tani moja.

Na hapa sasa ndipo harusi ya binti inaingia, ikiwa ushahidi. Nyumba za mawe za Lamu zilikua hivi hivi: baba alimwongezea binti orofa juu, au alimjengea nyumba ng'ambo ya kichochoro akaiunganisha kwa wikio, yaani kivuko kilichojengwa juu ya kichochoro. Mji uliopo ni matokeo ya desturi hiyo. Andika kwamba ongezeko la makazi ya familia, jepesi, la upana wa boriti, lililojificha nyuma ya ukingo, ni mwendelezo wa namna nyumba hizi zilivyojengwa. Hoja hii ina nguvu kwa sharti moja: chumba kiwe cha familia kweli. Kamati imeshaona "vyumba vya binti" vinavyogeuka nyumba za wageni mwaka unaofuata. Jitolee wewe mwenyewe sharti kwamba hakitakodishwa. Kama una nia ya kukodisha, hayo ni mabadiliko ya matumizi na yana ombi lake mbali.

Maandishi yenyewe

Rufaa iwe fupi, kurasa tatu au nne, hoja zikiwa na nambari zinazofuata sababu za barua moja baada ya nyingine. Waweza kuiandika kwa Kiswahili. Katiba inakitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hoja moja ikae hivi, nambari ukiweka zako:

"Hoja ya 1. Barua yasema jengo litapita urefu wa nyumba za jirani. Mchoro namba 4 waonyesha kwamba kilele cha paa la nyumba ya magharibi kiko mita 3.9 juu ya sakafu ya mwombaji. Paa lililorekebishwa litafika mita 3.6. Picha namba 2 na 3, zilizopigwa kutoka gatini na mkondoni, zaonyesha kwamba halitoki nje ya mstari wa mapaa yaliyopo. Mwombaji yuko tayari kibali kiwe na sharti la urefu huo."

Mwishoni omba mambo mawili kwa mpangilio: kamati itengue uamuzi na kuagiza kibali kitolewe kwa masharti uliyoyataja, au, isipoona hivyo, ombi lirudishwe lizingatiwe upya pamoja na michoro iliyorekebishwa. Ombi hili la pili wengi hulisahau, na ndilo mara nyingi linalowapa wajumbe njia ya kukusaidia bila kumwaibisha aliyekataa.

Ambatisha barua ya kukataa, ombi la awali na risiti zake, hati na karatasi za mirathi, michoro ya zamani na mipya, vipimo, picha, ripoti ya mhandisi, ridhaa za majirani, na barua ya afisi ya uhifadhi. Ndani ya siku tano huwezi kuvipata vyote. Peleka rufaa na hoja zake sasa, pamoja na ulivyo navyo, na uandike kwamba vielelezo vilivyobaki vitawasilishwa kabla ya kusikilizwa, ukivitaja kimoja kimoja. Rufaa yenye upungufu iliyofika siku ya 13 ina maisha; iliyokamilika ikafika siku ya 15 haina.

Usiandike kwamba fulani amejenga orofa tatu na hakuguswa. Ikiwa alipata kibali, sema tu kwamba kipo na omba kamati ilinganishe. Ikiwa hakupata, umemchongea jirani na hujajisaidia. Usiandike pia kwamba boriti na makuti vimeshanunuliwa. Na kwa hali yoyote usianze kazi: kuanza bila kibali ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili, na huleta amri ya kusimamisha au kubomoa, ambayo nayo ina rufaa yake na siku zake 14.

Kuna swali ambalo hukuliuliza: ni bora rufaa au ombi jipya? Kwa mchoro wako wa sasa, wa zege na ngazi ya nje, rufaa peke yake nadhani itashindwa, na kwa haki. Madirisha na urefu kamati inaweza kuviponya kwa masharti. Kubadilisha zege kuwa mbao na kuhamisha ngazi ni mchoro mwingine, na wajumbe wanaweza kusema hawawezi kuamua juu ya jengo ambalo waziri hakuliona. Kwa hiyo tembeza yote mawili. Kata rufaa wiki hii ili haki yako isife. Papo hapo mpe msanifu kazi ya kuchora upya, uipitishe afisi ya uhifadhi, kisha uiwasilishe kaunti kama ombi lililorekebishwa. Likikubaliwa, unaiondoa rufaa kwa barua. Gharama ya kuchora ni moja, kwa sababu michoro ileile inatumika pande zote mbili.

Siku ya kusikilizwa, waombe wajumbe waje waone. Waache wapande ngazi ya ndani, wasimame juu ya sakafu, watazame kiwanda cha jirani kutoka mahali ambapo ukingo wa mita 1.8 utasimama, weka ubao au mkeka wa kimo hicho hapo ili waone kwamba hawaoni. Boriti zenye vitambaa zisiondolewe hadi wamalize. Msanifu au mpangaji aliyesajiliwa awe nawe, naye ajibu ya vipimo; wewe jibu ya familia.

Kibali kikitoka, soma masharti yake kabla ya kumwita fundi. Kazi isipoanza ndani ya miaka 3 kibali hufa. Mradi unahitaji kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na fundi awe na leseni yake. Ikikataliwa tena, mwone wakili siku hiyo hiyo juu ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ukiwa na rekodi yote mkononi.

Kesho asubuhi, basi: afisi ya uhifadhi kwanza, kuomba maoni waliyoyaandika, mpimaji mchana, na rufaa uifikishe afisi ya mipango ya kaunti wewe mwenyewe kabla siku hizi tano hazijaisha, uulize ada yake, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe.